Hewa Iliyoshuka Tshangalele

Orpha alipofika kwenye maegesho ya magari ya samaki mjini Likasi, madereva walimkimbilia wote isipokuwa mmoja. Walimzunguka yule binti aliyebeba mkoba mgongoni na beseni la plastiki kwapani, kila mtu akilisifu gari lake. Wakamuuliza anasafirisha mzigo gani. Akajibu kwamba anakwenda Ziwa Tshangalele kupima hewa inayopanda kutoka majini. Wakatazamana, wakacheka, wakatawanyika mmoja mmoja kurudi kivulini. Nani ataharibu tairi zake kwa ajili ya hewa?

Hapo ikasikika sauti ya mwanamke kutoka chini ya pikapu moja ya buluu, ambako ilionekana miguu tu.

"Hiyo hewa iko na kilo ngapi?"

Orpha akainama. "Haina kilo, mama. Ni ya kupima tu, kisha narudi."

"Bon. Kama haina kilo, gari yangu itafurahi. Kila siku inabeba samaki mpaka mgongo inauma." Mama huyo akajitoa chini ya gari, akajipangusa grisi kwenye kitenge kilichochakaa na kunyoosha mkono. "Minye ni Mayimuna. Panda mbele."

Hivyo ndivyo walivyojuana.

Mayimuna alikuwa amevuka miaka arobaini. Babu yake alitoka Kasongo zamani akifuata biashara, akazaa na kuzikwa Likasi, na ukoo wake ukabaki pale, nusu dukani na nusu barabarani. Mumewe, Lukumani, aliuza vitambaa karibu na msikiti na hakupenda safari hata kidogo. Mayimuna alizipenda kwa niaba ya wote wawili. Usukani aliurithi kwa baba yake, Mzee Mahamudu, aliyeendesha malori kati ya Lubumbashi na Kolwezi mpaka mtoto wa jicho alipoanza kumfunika macho. Mzee hakukubali kuacha kazi mara moja. Alimketisha binti yake pembeni awe anamwambia yaliyo mbele: shimo kushoto, mbuzi, polisi, daraja. Wakaenda hivyo msimu mzima, mmoja akiona na mwingine akiendesha, hadi siku moja kwenye mlima mzee alipozima injini katikati ya njia.

"Nimechoka kusikia barabara na masikio," alisema. "Kuya huku weye. Minye nitakaa fasi yako."

Tangu siku hiyo Mayimuna hakutoka tena kwenye kiti kile. Lori lilipokufa walinunua pikapu, naye akaanza kuleta samaki kutoka vijiji vya ziwani hadi mjini. Madereva wanaume walimwita Maman Shofere. Mwanzoni lilikuwa jina la kumcheka. Miaka ilivyopita likawa jina tu, kama majina mengine.

Kazi ya Orpha ilimshangaza kwa muda mrefu. Binti huyo alikuwa mwanakemia, mwanafunzi wa Profesa Hilaire wa Lubumbashi. Alipofika ziwani alipanda mtumbwi, akalipindua lile beseni juu ya maji, akachomeka mpira mwembamba kwenye tundu lake, kisha akasubiri huku kijisanduku kikimwandikia kiasi cha hewa kilichokusanyika ndani. Wanawake wanaokausha samaki upande wa pili wa ziwa walikuja kutazama, wakiongozwa na mkuu wao, Mama Clémentine, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo.

"Munafunika maji juu ya nini?" aliuliza Clémentine, akitaka kujua sababu. "Maji iko na baridi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Orpha naye akacheka, na tangu hapo akawa mtoto wa kijiji. Kila mara Mayimuna alipokuja kupakia samaki, Clémentine aliuliza kwanza habari za binti wa beseni.

Njiani, katika safari zile za kwenda na kurudi, Orpha alimweleza Mayimuna mambo yenyewe. Alisema moshi wa magari, viwanda na misitu inayoungua unatia angani hewa ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayozidisha joto la dunia. Lakini haibaki yote angani. Karibu nusu yake hunyonywa na bahari, na miti, na udongo. Baharini kuna meli zinazopima mwaka hadi mwaka. Barani kwao, kuanzia misitu ya ikweta hadi miombo ya Katanga, wapimaji ni wachache mno. Setilaiti zinatazama kutoka juu na kompyuta zinakisia.

"Zinakisia juu yetu?" aliuliza Mayimuna.

"Njo vile. Zinakisia pori yetu inavuta ngapi na inatoa ngapi. Muntu hajapanda huko juu kuhakikisha."

Mayimuna akaitazama miti iliyokuwa ikipita dirishani. Alikuwa amepita katikati ya miombo ile tangu ujana wake, wakati wa majani mekundu ya mwezi wa tisa na wakati wa matope. Hakuwahi kufikiri kwamba ilikuwa inapumua. Wala hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu mbali huko wanaoandika kiasi cha pumzi yake bila kuja kuisikiliza. Jambo hilo lilimuudhi, na kuudhika kwake kukageuka kuwa hamu.

"Na huko juu mutapanda namna gani?"

Orpha akatabasamu. "Hatupandi shiye. Tutatuma puto."

Puto la kwanza lilirushwa mwezi wa sita, hewa ikiwa kavu na mbingu wazi, kutoka uwanja mmoja kando ya njia ya Kakanda. Profesa Hilaire alikuwa ameshaomba ruhusa kwa watu wa anga. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya majani, aliyezungumza na vyombo vyake kama anavyozungumza mfugaji na ng'ombe. Chini ya puto alining'iniza mwavuli mwekundu wa kushukia, na chini ya mwavuli kisanduku cheupe chenye mrija mwembamba wa chuma, mrefu kupita kiasi, uliozungushwa mara nyingi kama kamba ya kisima.

Alimwonyesha Mayimuna jinsi unavyofanya kazi. Mrija unapanda ukiwa wazi upande mmoja. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inazidi kuwa nyepesi, na iliyomo ndani inatoka. Huko juu sana, juu ya njia za ndege, puto linapasuka. Mrija unaposhuka, hewa ya nje inaanza kujisukuma ndani. Ya juu kabisa inaingia kwanza, kisha inayofuata, kisha ya chini yake, mpaka ardhini, ambapo mlango unajifunga wenyewe.

"Kama abiria," alisema Mayimuna. "Wa kwanza kupanda wanasukumwa mpaka nyuma."

"Voilà! Na kila abiria anatuambia alipandia kituo gani. Lakini wakikaa humo muda mrefu, mama, wanabadilishana viti. Hewa inachanganyika. Lazima mrija ufike kwenye mashine yetu Likasi siku ileile, jua likiwa bado juu. Ukichelewa, tumebeba chuma kitupu."

Puto liliangukia ng'ambo ya bwawa la Koni, katika shamba la mihogo. Kulipata hakukuwa na shida. Mayimuna na Orpha walifika upesi, wakapakia kisanduku, wakageuza. Katika mlima wa kutoka bonde la Lufira alisikia mlio mdogo chini ya boneti, mwembamba kama filimbi. Aliusikia vizuri. Ila alitaka kuwahi, akakanyaga mafuta. Kabla ya kufika kileleni rejeta ikapasuka, mvuke ukafunika kioo chote, na gari likasimama.

Hapakupita gari jingine hadi giza. Walifika Likasi kesho yake, gari likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mbao. Hilaire aliunganisha mrija na mashine hata hivyo, akasubiri, na mashine ikachora mstari ulionyooka karibu kama meza. Hewa ya juu na ya chini zilikuwa zimechanganyika kama chai na maziwa.

"Si kosa lako, mama," alisema Hilaire. "Gari ni chuma. Limebaki puto moja tu kwa mwaka huu. Nitaomba gari jipya Lubumbashi."

Laiti angemgombeza. Upole ule ulimchoma Mayimuna kuliko matusi. Kwenye maegesho habari zilikuwa zimeshafika, na madereva walimpungia mikono wakimwuliza kama hewa imemshinda uzito. Aliwapita. Alikwenda moja kwa moja uani kwa baba yake.

Mzee Mahamudu sasa aliona mwanga na vivuli tu, lakini vidole vyake havikuwa vimesahau chochote. Waliitoa rejeta pamoja, wakailaza juu ya gunia. Mzee akaipapasa polepole kutoka juu hadi chini, mpaka akakuta ufa.

"Mbele ya kupasuka, ulisikia nini?"

"Mlio kidogo. Sawa filimbi."

"Ulisikia, ukaendelea?"

"Nilitaka kufika, baba."

Mzee akaiacha rejeta. Alipangusa mikono yake kwa muda mrefu, kama anayetafuta neno lisilomwumiza mtoto. "Gari ilikwambia," alisema mwishowe. "Ungesimama kidogo tu, unaipa maji, mungefika. Bon. Imekwisha. Tutengeneze sasa."

Wakatengeneza. Kwa fundi wa chuma chakavu walipata rejeta ya lori, kubwa kuliko ile ya mwanzo, wakakata na kuchomelea mpaka ikakaa. Wakabadilisha mipira yote ya maji na mkanda wa feni. Kisha Mayimuna akaijaza pikapu mifuko ya mchanga hadi springi zikalia, akarudi kwenye mlima uleule wa Lufira na kuupanda, akashuka, akaupanda tena. Sindano ya joto haikusogea. Akapiga honi peke yake kileleni, ndege wakaruka kutoka kwenye miti.

Siku iliyofuata alimfuata Profesa Hilaire katika chumba walichokodi karibu na stesheni, ambamo mashine yao ilikaa. Orpha alikuwa pale akisafisha mrija.

"Profesa, nakuomba ukae ndani ya gari yangu. Leo. Tuende mpaka mlima wa Lufira."

"Mama Mayimuna, nimekwisha kuandika nikiomba gari jingine."

"Minasikia. Gari ingine itakuja muzuri, na shofere wake atakuwa muzuri. Lakini njia hii nimeianza, na nilikosea mahali moja tu. Mahali hiyo naijua sasa. Njoo uone."

Hilaire akatazama kofia yake, kisha akamtazama Orpha, ambaye aliinamia mrija kuficha uso. Akavaa kofia. Walikwenda na mchanga wote ukiwa nyuma. Katikati ya mlima Mayimuna alisimama mahali penye mwinamo mkali kuliko pote, akazima injini, akaiwasha, akaondoka bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Profesa aliishikilia kofia yake mpaka wakafika juu. Hapo akaanza kucheka, tumbo likitikisika.

"Basi," alisema. "Gari lingine wapeleke kwingine. Puto la pili ni lako."

Walilirusha mwezi wa nane, wakati moto wa pori unazagaa kila upande na jua linachomoza jekundu kama shaba iliyoyeyushwa. Huo ndio wakati Hilaire aliokuwa akiutaka, kwa sababu alitaka kujua moshi ule unapeleka wapi ukaa wake. Puto lilijaa, likavuta kamba, likaachiliwa. Watu waliokuwa wakienda Kakanda kwa pikipiki walisimama kulitazama. Likawa yai, likawa punje, likapotea.

Orpha alikaa kiti cha mbele kando ya Mayimuna, kompyuta mapajani, akifuata alama iliyokuwa ikijongea. Upepo wa juu ulilisukuma puto mashariki, likavuka mji, likavuka bonde. Kisha alama ikaanza kushuka.

"Imepasuka," alisema Orpha. "Iko inashuka... inavuka ziwa... Mama! Inaanguka kule kwa Mama Clémentine. Ndani ya matete."

Mayimuna tayari alikuwa barabarani, akiuzunguka mkia wa ziwa. Orpha akapiga simu. Mtandao wa kijiji kile hupatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na kwa bahati njema alikuwepo mtu juu yake. Mtu huyo akaahidi kumwambia Mama Clémentine, kisha simu ikakatika.

Walipofika walikuta watu wamejaa. Katikati ya duara walikuwa wameketi wanawake wanane wa Clémentine, migongo yao ndani na nyuso nje, na vikapu vya samaki mbele yao kama ukuta. Nyuma yao, kwenye kivuli cha mkeka, kilikuwepo kisanduku cheupe, kimelowa lakini kizima, na mwavuli mwekundu umekunjwa vizuri kama nguo iliyotoka kufuliwa.

"Mumoja alisema ni kintu ya vita," alieleza Clémentine kwa sauti yake ya ng'ambo, akimwonyesha kijana mmoja mwenye panga aliyekuwa anatazama chini. "Anataka kukata, aone ndani. Minye nilibaambia: hii ni ya Mayimuna. Mwenye atakata, samaki yake haipandi tena kwa gari mpaka Kristo arudi!"

Watu wote wakacheka, hata mwenye panga. Yeye ndiye aliyekibeba kisanduku hadi garini, kwa mikono miwili, akitembea kana kwamba amebeba mayai. Mayimuna alimshika Clémentine mabega. Hapakuwa na muda wa zaidi ya hapo.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Orpha alikikumbatia kisanduku kisitikisike, na gari likashika njia ya kurudi. Waliona moshi kabla hawajausikia moto. Baada ya kona, pale njia inapopita katikati ya majani marefu, moto ulikuwa umeivamia barabara. Ndimi zilipita upande hadi upande, juu kuliko gari, na ngurumo yake ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya mabati.

Mayimuna akasimama. Orpha akaitazama saa yake, akauma mdomo.

"Tukingoja ipite?"

"Itapita. Lakini ikipita, jua nalo litakuwa limepita."

Alishuka. Alitazama mbele, kisha kushoto, kisha kulia. Kulia, juu kidogo ya njia, mteremko mzima ulikuwa mweusi. Uliungua siku kadhaa kabla, na hapakubaki jani. Akapanda kwa miguu, akakanyaga jivu, akaingiza kiganja ndani yake. Lilikuwa vuguvugu tu. Vichuguu vilisimama hapa na pale, na visiki vichache bado vilifuka, lakini moto wa barabarani ungefika kwenye weusi ule na kukosa chakula. Alitafuta kwa macho njia kati ya kisiki na kisiki mpaka akaiona yote hadi ng'ambo. Aliogopa, na alishangaa kugundua kwamba haikuwa hofu peke yake. Ilikuwa na furaha ndani yake.

Aliporudi hakukaa kwanza kwenye usukani. Alifungua boneti, akaijaza rejeta maji. Akalowesha kitenge chake, akakifunika juu ya kisanduku.

"Funga kioo. Tunapita huku."

"Na tairi?"

"Tairi itanuka tu. Shika hewa yako!"

Pikapu ikaacha njia, ikapanda mteremko. Jivu likatimka likafunika vioo, ikawa kama kuendesha ndani ya mfuko. Mayimuna alitoa kichwa nje, macho yakimtoka machozi, akakata kushoto kwenye kisiki, kulia kwenye kichuguu. Gurudumu moja likadumbukia kwenye shimo la muhanga, gari likainama, Orpha akapiga yowe bila kukiachia kisanduku. Mayimuna akalikaza, likalia, likatoka. Chini yao, upande wa kushoto, moto ulikuwa ukinguruma. Wakaupita. Wakaona barabara, nyeupe, tulivu, inawangoja.

Na hapo, magurudumu yaliporudi njiani, akausikia tena ule mlio mwembamba chini ya boneti.

Kila kitu ndani yake kilitaka kukanyaga mafuta. Akakanyaga breki. Orpha alimtazama bila kuamini, lakini Mayimuna alikuwa tayari ameshuka na dumu mkononi. Jivu lilikuwa limeziba uso wa rejeta. Akalisugua kwa ncha ya kilemba chake, akasubiri, akaongeza maji taratibu, akasikiliza. Mlio ukanyamaza.

"Sasa," alisema, akipanda, "sasa tunaenda."

Na wakaenda kweli. Waliingia Likasi jua likiwa bado limekaa juu ya vilima vya udongo wa migodi, gari jeupe kwa jivu kana kwamba limetoka kinu cha unga. Pikipiki zilipisha. Mbele ya kile chumba cha karibu na stesheni Hilaire alikuwa amesimama bila kofia. Hakusalimia. Alipokea kisanduku, akakimbia nacho ndani, mtu mnene yule, mwepesi kama mtoto.

Mashine ikaanza kuvuta hewa ya mrija, polepole, abiria mmoja baada ya mwingine. Mstari ukaanza kujichora kwenye skrini. Mayimuna alisimama mlangoni, masizi usoni, hakuthubutu kusogea. Mstari ulianza upande mmoja, ukapinda. Haukunyooka. Ukapinda tena, ukatoa tumbo kubwa, ukarudi ndani, ukapanda hadi ncha.

Hilaire aliweka mikono yake yote kichwani.

"Haikuchanganyika," alinong'ona Orpha. Kisha akapiga kelele: "Haikuchanganyika, mama! Kuya uone!"

Alimvuta mkono hadi kwenye skrini, akamwonyesha kwa kidole. Chini kabisa ilikuwa hewa ya matete ya Clémentine. Lile tumbo la katikati lilikuwa moshi: tabaka nene la ukaa wa moto wa pori, limepanda na kutandaa juu sana kuliko kompyuta zilivyokuwa zimekisia. Na kule nchani, ukaa ulipopungua ghafla, ilikuwa hewa ya juu ya mawingu yote.

"Ile ya nchani iliondoka huku chini miaka mingi iliyopita," alisema Hilaire. "Ilipanda, ikazunguka juu ya bahari na mabara. Iliondoka wakati dunia ilikuwa na ukaa mdogo kuliko sasa, na bado inauonyesha. Umeileta mkononi, Mama Mayimuna."

Mayimuna akaitazama ncha ile ya mstari. Akacheka, na machozi yakachora njia mbili katika masizi ya mashavu yake. Hilaire alimshika mikono, Orpha akawakumbatia wote wawili, wakarukaruka watatu katika chumba kile kidogo mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna harusi.

Usiku ule Lukumani, asiyependa safari, alilisikiliza simulizi lote mara mbili. Asubuhi madereva wa maegesho walilizunguka gari lenye jivu. Hakuna aliyeuliza kuhusu uzito wa hewa. Waliuliza kisiki cha kwanza kilikuwa upande gani, na shimo la muhanga lina kina gani, maswali ya dereva kwa dereva.

Kabla mvua hazijaisha, watafiti walikutana Lubumbashi. Orpha alionyesha mstari wake mbele ya ukumbi uliojaa, akataja na moto wa njiani. Alikuwepo mtafiti mmoja aitwaye Jean, ambaye kazi yake ilikuwa kupima ukaa baharini, pale mto Kongo unapomwagikia Atlantiki. Alisimama akasema kwamba kwa miaka wamekuwa wakijua bahari inavuta nini, na hesabu ilikuwa haikamiliki kwa sababu ya bara. Sasa lile tumbo la moshi limewapa kipande walichokuwa wakikihitaji. Kisha akauliza swali. Moto ulikuwa umeziba njia, mrija ulifikaje?

Orpha akageuka. Alinyoosha mkono kuelekea safu ya mbele.

Mayimuna alisimama katika kitenge chake kipya. Kwanza sauti ilikuwa ndogo. Kisha akaanza kuonyesha kwa mikono: njia hivi, moto hivi, weusi hivi. Akaeleza jivu na mlio wa rejeta na jinsi alivyosimama pale alipotaka sana kukimbia. Alisema kwa Kiswahili chake cha Likasi, wala hakutafuta maneno mengine, na walioelewa waliwatafsiria wasioelewa. Alipomaliza ukumbi ulisimama wote. Mzee Mahamudu, aliyeletwa na kuketishwa karibu na mlango, alipiga makofi hadi wengine walipokwisha kukaa.

Kazi ile ikapewa miaka mingine, na maputo ya kila msimu. Hilaire alimweka Mayimuna kuwa mkuu wa kurejesha visanduku vinavyoanguka, akiwa na magari mawili chini yake. Madereva waliokuja kuomba kazi walikuwa wengi, baadhi yao walewale waliorudi kivulini siku ya beseni. Aliwapanga foleni, akawafungulisha boneti mmoja baada ya mwingine, akapita akisikiliza.

Puto la kwanza la kiangazi kilichofuata lilipokuwa tayari, Hilaire alimkabidhi kamba. Mayimuna aliishika kwa viganja viwili. Ilimvuta kwa nguvu ajabu, kama kitu chenye haraka ya kwenda mahali.

"Ukiwa tayari, mama," alisema Orpha.

"Madereva!" aliita Mayimuna. "Washeni!"

Injini zikanguruma, naye akaiachia kamba.